Mbwembwe hazishibishi: ‘Megalopolis’ ilinipa usingizi, roboti akanitoa machozi

Acha nianze kwa kukiri. Nilipomaliza kutazama Megalopolis mara ya kwanza, sikusema ni mbaya. Nilisema “ni nzito”. Unaijua ile “ni nzito” ya mtu ambaye hajaelewa kitu na hataki wenzake wajue? Basi hiyo hiyo.

Tulikuwa wanne kwenye bedsita ya rafiki yangu kule Kayole, laptopu juu ya kreti ya soda, njugu zinapitishwa kwa karatasi. Mmoja wetu anasomea filamu. Mimi niliacha chuo nikiwa mwaka wa pili. Kwa hivyo filamu ilipoisha, sote tulimgeukia yeye kama watu wanaosubiri matokeo ya KCSE. Akakuna kichwa, akavuta pumzi, akasema, “Ni nzito.” Tukaitikia kama kwaya. Nzito, buda. Nzito sana. Halafu kila mtu akatoa simu yake.

Siku chache baadaye nilitazama The Wild Robot, katuni kuhusu roboti anayelea kifaranga wa bata bukini. Niliitazama kwa simu nikiwa kitandani, skrini imepasuka kona moja. Nililia, na ilipoisha sikutafuta neno la kujificha nyuma yake. Nilimpigia anti yangu.

Leo nataka tuzungumze kuhusu filamu hizo mbili. Huenda ukauliza zinahusiana vipi. Jibu la kwanza ni kwamba ziliingia kumbi za Marekani siku moja, tarehe 27 Septemba 2024. Jibu la pili ni refu kidogo, na linahusu karo.

Tuanze na ukweli wa mambo. Megalopolis ni kazi ya Francis Ford Coppola, aliyekuwa na miaka 85 ilipotoka. Huyu si mtu wa kuchezewa. Ndiye aliyetuletea The Godfather mwaka wa 1972 na Apocalypse Now mwaka wa 1979. Wazo la Megalopolis alikaa nalo kwa miongo kadhaa. Mwishowe aliuza sehemu ya biashara yake ya mvinyo na kutoa mfukoni mwake takriban dola milioni 120. Kwa pesa zetu, hizo ni zaidi ya Sh15 bilioni.

The Wild Robot iliongozwa na Chris Sanders katika studio ya DreamWorks kwa takriban dola milioni 78. Imetokana na kitabu cha watoto cha Peter Brown kilichochapishwa mwaka wa 2016. Sauti ya roboti mwenyewe, Roz, ni ya Lupita Nyong’o. Ndiyo, Lupita wetu.

Wikendi ile ya kwanza Amerika Kaskazini, Megalopolis iliuza tiketi za takriban dola milioni 4. Roboti akauza za takriban milioni 35. Hadi mwisho, Coppola alikuwa amekusanya kama milioni 14 kote duniani, na roboti zaidi ya milioni 330. Kuna kampuni inayoitwa CinemaScore ambayo huwauliza watazamaji wa Marekani maoni yao filamu inapofunguliwa. Roboti alipewa A. Megalopolis ilipewa D+. Hata mimi niliyeacha chuo sikuwahi kupata D+.

Lakini usinisikie vibaya. Pesa si hoja yangu. Filamu mbovu huuza kila mwaka na filamu nzuri hufa njaa kila mwaka. Hesabu hizo zinatuambia watu walitoka ukumbini na sura gani. Hazituambii kwa nini. Hiyo “kwa nini” ndiyo imenikosesha usingizi.

Ukiisoma hadithi ya Megalopolis kwa karatasi, ni tamu. Kuna jiji linaloitwa New Rome, yaani New York iliyovishwa nguo za Roma ya kale. Kuna mbunifu wa majengo, Cesar Catilina, anayeigizwa na Adam Driver. Anaweza kusimamisha wakati, na amevumbua kitu cha ajabu kinachoitwa Megalon ambacho anataka kujengea jiji la kesho. Kuna meya, Franklyn Cicero, anayeigizwa na Giancarlo Esposito, ambaye hataki kusikia habari za kesho wakati leo bado haijalipwa. Halafu binti wa meya, Julia, anampenda mbunifu. Dereva wa Cesar, ambaye ndiye pia msimulizi wetu, anaitwa Fundi. Sikutanii. Laurence Fishburne anaigiza mtu anayeitwa Fundi Romaine. Hapo ndipo chumba chetu chote kule Kayole kilipiga kelele za furaha kwa mara ya kwanza, na ya mwisho.

Mapema kabisa, Cesar anaangusha jengo la makazi ili kupisha ndoto yake. Watu wanasimama kando wakipiga kelele. Mimi nilikaa wima. Nikajiambia, sasa hapa ndipo kwetu.

Kumbuka filamu hii ilionyeshwa mara ya kwanza kwenye tamasha la Cannes, Ufaransa, Mei 2024. Mwezi huo huo, baada ya mafuriko, tingatinga zilikuwa zikibomoa nyumba za watu kando ya mito huku Nairobi, Mathare na Mukuru. Kila mmoja wetu mle chumbani alikuwa na mtu anayemjua aliyelala nje na magodoro. Kwa hivyo swali la nani anajenga jiji, na nani anabomolewa ili lijengwe, si falsafa kwetu.

Nikasubiri filamu iingie kwenye nyumba moja. Moja tu. Nione mama mmoja akiokoa sufuria, mtoto mmoja akitafuta kiatu. Haikuingia. Waliobomolewa wanabaki kundi nyuma ya uzio. Baadaye satelaiti ya zamani ya Wasovieti inaangukia jiji na kufungua nafasi ya kujenga zaidi. Kisha jamaa anayeitwa Clodio anawachochea watu wenye hasira ili apate madaraka. Nimemaliza filamu na sikumbuki hata mmoja wa watu hao kwa jina. Wamewekwa pale kama maua ya mezani.

Badala yao, tunapewa nini? Tunapewa mwanga wa dhahabu kila pembe. Skrini inagawanyika mara tatu. Sanamu kubwa za mawe zinachoka na kujiegemeza barabarani. Cesar anasimama mbele ya watu na kukariri hotuba ya Hamlet, na sijui kwa nini. Kule Cannes, mtu halisi alisimama mbele ya skrini katikati ya filamu akamuuliza Cesar swali, na Cesar akamjibu kutoka ndani ya picha. Ukiviona kimoja kimoja, vingine ni vya kupendeza kweli. Na Aubrey Plaza, anayeigiza mwanahabari aitwaye Wow Platinum, anaonekana kuwa mtu pekee anayefurahia kuwa humo. Lakini dakika 138 za kupendeza ni kama kula icing bila keki. Wahenga walishasema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Sasa nikueleze kuhusu karo.

Nikiwa mwaka wa pili chuoni, nilitengeneza filamu fupi ya dakika 11. Kijana anatembea River Road usiku. Kuna moshi. Kuna taa nyekundu. Anatembea polepole, na sauti yangu inasema maneno kuhusu vivuli. Ndiyo hadithi yote hiyo. Nilikodi kamera, taa na mashine ya moshi kwa Sh28,000. Pesa hizo zilikuwa sehemu ya karo niliyotumiwa na anti yangu, ambaye anauza mitumba ya watoto Gikomba.

Nilienda kumwonyesha pale kwenye meza yake, kwa simu, akikunja sweta ndogo ndogo. Alitazama dakika zote 11 bila kuniangalia. Nilisimama nikisubiri kama Coppola kule Cannes. Mwishowe akasema, “Ni nzuri. Lakini huyu kijana, amekula?”

Nilicheka. Niliwapelekea wenzangu hadithi hiyo kama kichekesho. Mtu mzima haelewi sanaa, mnaona? Kumbe alikuwa akitazama karo yake ikitembea ndani ya moshi, na alichouliza ni swali moja tu la maana: huyu mtu ni nani, na ana shida gani? Mimi mwenyewe sikuwa na jibu. Sikuwahi kumfikiria yule kijana kama mtu. Nilikuwa nimemfikiria kama kivuli kinachopendeza kikipigwa na taa nyekundu.

Muhula uliofuata sikurudi chuoni. Si kwa sababu ya pesa hizo pekee, lakini nazo zilikuwemo.

Sasa turudi kwa roboti. Roz ameanguka kwenye kisiwa kisicho na binadamu. Ametengenezwa kuwahudumia wateja, na hapa hakuna wateja, ni wanyama tu wanaomkimbia. Kwa bahati mbaya anaangukia kiota cha bata bukini na kuiua familia nzima, linabaki yai moja. Yai linaanguliwa, na kifaranga anadhani Roz ni mama yake. Ili aishi, kifaranga huyu anahitaji mambo matatu kabla ya baridi kuingia: ale, aogelee, aruke.

Ale! Jambo la kwanza kabisa kwenye orodha. Nilikaa kitandani nikacheka peke yangu. Yaani filamu ilikuwa imejibu swali la Anti hata kabla sijatulia.

Kuanzia hapo huna budi kubaki. Unajua nani ana njaa, nani anaogopa, baridi inakuja lini. Mbweha Fink, kwa sauti ya Pedro Pascal, ni mwongo na mwizi, lakini unajua ni mpweke, kwa hivyo unamsubiri abadilike. Roz anamwambia mama mmoja wa wanyama, mwenye watoto kibao, kwamba yeye hana programu ya kuwa mama. Anajibiwa kwamba hakuna aliye nayo. Ni maneno machache tu, lakini mimi nililelewa na anti aliyenichukua akiwa na miaka 23, chumba kimoja Dandora, bila kuulizwa kama yuko tayari. Sikuhitaji mtu wa kunifafanulia.

Na hapa kuna kitu watu wengi hawasemi. The Wild Robot nayo ni filamu ya mitindo. Ukisimamisha picha popote, utaona majani na manyoya yamepakwa kama kwa brashi ya mchoraji. Haifanani na katuni zile zinazong’aa kama plastiki. Roz anaingia kisiwani akiwa msafi, laini, kama friji mpya. Kadiri siku zinavyokwenda anakwaruzika, anaota kuvu, anapoteza mguu na kuwekewa wa mbao. Sauti ya Lupita inaanza kama ya wale wanaokujibu kwa simu ya huduma kwa wateja, “nikusaidie vipi”, halafu inashuka polepole hadi inakuwa ya mtu aliyechoka kwa kupenda. Huo wote ni mtindo, tena mtindo wa hali ya juu. Lakini kila mkwaruzo unakuambia jambo kuhusu Roz, na ukiuondoa, hadithi inapungua. Nyingi ya zile taa za dhahabu za New Rome, ukiziondoa, hadithi inabaki vile vile. Pengine hata ungeiona vizuri zaidi.

Kwa hivyo ugomvi wangu si na mapambo, wala na watu wanaojaribu makubwa. Coppola alipotengeneza Apocalypse Now aliweka mali yake rehani, na dunia ikapata filamu ambayo bado inazungumziwa. Mwaka wa 1982 alijaribu tena na One from the Heart, ikaanguka, akabeba madeni kwa miaka. Mzee huyu hajawahi kuogopa kupoteza, na kwa hilo namvulia kofia kabisa. Aliuza chake. Mimi niliuza cha Anti.

Ugomvi wangu ni na ile sauti inayokuja baada ya filamu kuanguka, inayosema kwamba ukiona haikukugusa, tatizo ni wewe. Agosti 2024, kampuni ya usambazaji ya Lionsgate ilitoa trela ya Megalopolis iliyojaa maneno makali ya wahakiki wa zamani kuhusu kazi za awali za Coppola. Ujumbe ulikuwa wazi: walimkosea wakati ule, na wewe utamkosea sasa. Kumbe maneno yale hayakuwahi kuandikwa na wahakiki hao. Yalikuwa ya kubuni. Trela ikaondolewa upesi na kampuni ikaomba radhi. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na hiki kilijitembeza na barua bandia mkononi.

Lakini fikiria trela ile ililenga kuamsha nini ndani yako. Ililenga ile hofu yetu ya Kayole. Hofu ya kuonekana mshamba. Kama uliacha shule, au ulisoma ile ya kawaida, au Kiingereza chako kinakwamakwama, hofu hiyo unaijua. Inakufanya useme “ni nzito” wakati moyo wako unasema “sikuhisi kitu”. Na mtu akishakuzoesha kudanganya kuhusu filamu, atakuzoesha kudanganya kuhusu mengine. Utaonyeshwa mchoro wa jiji la kesho, majengo yanayong’aa, barabara za juu kwa juu, na utaogopa kuuliza waliokuwa wakiishi hapo wamehamia wapi.

Kuna kipimo cha zamani ambacho mtaa umekuwa nacho siku zote. Vibanda vya video vilituonyesha muvi za kila aina, na DJ Afro akazitafsiri kwa Kiswahili chake na vichekesho vyake hadi bibi na mjukuu wakacheka pamoja. Jaribu hivi: simulia filamu kwa mtu ambaye hakuiona, mkiwa kwa mathree, kabla hajashuka. The Wild Robot nilimsimulia kondakta kutoka Kayole hadi mjini, akasahau kunirudishia chenji. Megalopolis nilijaribu. Tulipofika Donholm nilikuwa bado naeleza jamaa anasimamisha wakati ili afanye nini.

Najua utaniambia kuna filamu ngumu ambazo hazisimuliki na bado ni kubwa. Kweli. Zipo, na baadhi zimenifanya nikae kimya hadi asubuhi. Lakini hata hizo zina mtu ndani yake unayemhofia. Hata kama hujui anaenda wapi, unataka afike.

Nawaambia hasa nyinyi wenzangu mnaoshika kamera. Najua mnachopiga kwa sababu nami nilikipiga. Droni juu ya KICC jua likizama. Msichana anageuka polepole upepo ukimpiga. Moshi. Kabla hujakodi ile mashine, kaa chini na uandike mhusika wako amelala wapi jana, anadaiwa na nani, na chakula cha mwisho alikula saa ngapi. Ukishajua, weka moshi wote unaotaka.

Nilipompigia Anti usiku ule, nilikuwa nataka tu kumwambia kuna katuni lazima aone. Jumapili nikabeba laptopu hadi kwake. Aliitazama akishona vifungo, na Roz alipokimbia ukingoni kumsaidia mwanawe apae na bata wenzake, sindano ilisimama. Hakusema kitu. Ilipoisha, nikamwambia. Nikamwambia kuhusu zile Sh28,000 na ile filamu ya vivuli aliyoitazama pale Gikomba.

Alinyamaza muda mrefu kuliko filamu yangu.

Halafu akauliza, “Huo moshi peke yake ulikuwa pesa ngapi?”

“Elfu sita, Anti.”

“Elfu sita! Si ungekuja nikuwashie takataka za Gikomba bure?”

Sasa namlipa Sh1,000 kila mwisho wa mwezi. Ameniandika kwenye daftari lake la wateja wa deni, kati ya mama wa sweta tatu na baba wa viatu vya shule. Na yule kijana wa River Road nimeanza kumwandika upya. Ametoka kazini, hajalipwa, ana mkate nusu kwenye karatasi. Bado hajakula. Anaupelekea mtu.